Sauti Iliyotoka kwenye Sabufa

Kambi ya kokoto, mbele ya Gairo
Jumapili, 2 Juni 2024

Mama Maria,

Leo ni tarehe mbili mwezi wa sita, na miezi minne imekwisha tangu niteremke njia ya Nyandira na begi la kuazima. Mpe mama shikamoo yangu. Maria mbusu kichwani, mwambie baba yake hajamsahau.

Najua unashangaa kuletewa barua kama watu wa zamani. Simu yangu imekufa. Iliniponyoka mkononi ikaangukia kwenye mkanda wa krasha, ile mashine ya kusaga mawe. Niliiona kwa macho yangu ikiingia pamoja na mawe makubwa, upande wa pili ikatoka kokoto. Wenzangu walicheka mpaka msimamizi akaja kuuliza nani kafa. Athanas anasema kuna mtu atajenga nyumba na simu yangu ndani ya zege, na siku ikilia ukutani atahama.

Athanas ni yule kijana wa Bunduki niliyekutajia, tunalala chumba kimoja. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi. Usiipige ila kwa kifo au uzazi, maana huku wakikukuta na simu kazini wanakukata mshahara wa siku nzima.

Barua zitakwenda hivi. Nitampa kondakta wa basi la Morogoro, ataiacha kwa Mama Usha, kwenye lile duka la redio tulikonunua sabufa. Abdi akirudi na lori tupu kutoka kushusha kabichi Dar, ataichukua na kuipandisha kwenu. Ukijibu, fuata njia hiyohiyo kwenda chini. Nimeshamwomba Mama Usha, amekubali, ila amesema duka lake si posta na nisizoee.

Sitakuficha, kazi ni ngumu. Nasimama kwenye mdomo wa krasha nikisukuma mawe yaliyokwama kwa mtaimbo. Vumbi lake ni jeupe kama unga. Jioni nikivua shati, linasimama lenyewe. Tunakula ugali na maharage, Jumapili dagaa. Usingizi ni wa kuiba. Lakini navumilia, maana nikifumba macho naona lile poromoko la mlima lilivyochukua jiko letu na nusu ya matuta, na nyumba iliyobaki inavyovuja. Nimesema nitarudi na bati za paa, nitarudi nazo.

Afya yangu nzuri.

Ndani ya bahasha kuna memori kadi. Mama alilalamika kwa Abdi kwamba tangu simu inyamaze hajasikia sauti ya mwanawe, basi sauti hiyo hapo, nimerekodi kwa simu ya Athanas. Ichomekeni kwenye sabufa na mfungue mpaka mwisho. Masikio ya mama ni mazito, na sabufa haikununuliwa inong'one.

Mimi mumeo,
Ezekiel


Juu ya Nyandira, Mgeta
Jumanne, 11 Juni 2024

Baba Maria,

Salamu za nyumbani. Mama ameitikia marahaba. Maria ameota meno mawili ya mbele na anamng'ata kila mtu, hata katekista.

Barua imefika na kadi imefika. Sasa nisikilize, maana tangu Jumamosi sijala vizuri.

Jumamosi ilikuwa zamu yetu kupokea jumuiya. Watu walikuja asubuhi, tukasali, tukagawa viazi na chai. Mama akasema, "Kabla hamjaondoka, mtamsikia mwanangu." Nikamwambia mama, tusikilize kwanza sisi wenyewe. Akanijibu mbele ya watu, "Wewe uliolewa naye, mimi nilimzaa. Chomeka." Basi nikachomeka, tukaitoa sabufa uani juu ya meza, na mjomba wako Yakobo akazungusha kile kitufe mpaka kikagoma.

Ezekiel, vikombe vilitembea juu ya meza. Ikatoka sauti nzito, nzito kuliko ninavyokukumbuka, "Mama shikamoo, ni mimi mwanao." Na ndani ya ile sauti kulikuwa na mkwaruzo, kama mtu anakokota bati juu ya mawe. Kila ulipotamka neno la nguvu, mkwaruzo ulipanda. Ulipolitaja jina la Maria ulipasuka kabisa.

Mjomba akavua kofia. Akasema, "Ignas alianza hivihivi."

Unamkumbuka Ignas, alirudi kutoka kwenye kokoto, na Pasaka ya mwaka juzi tukamzika. Mama mmoja wa jumuiya akajaribu kusema labda ni mafua tu. Mjomba akamwambia, "Mafua hayakwaruzi. Hilo ni vumbi limekaa." Wakaanza sala ya wagonjwa palepale, wameshika vikombe. Mama alilia kwa sauti mpaka mbuzi wakaanza kuitika. Watu waliondoka wananipa mkono mmojammoja, kama wanavyompa mtu aliyefiwa.

Kitu kimoja tu kilinipa moyo. Kwenye kadi nzima hukukohoa hata mara moja.

Niambie kweli. Unaumwa? Usiniandikie ya kumfurahisha mama. Barua namsomea mimi, nikiona pabaya naruka.

Na kwa nini hupigi simu? Athanas si anayo? Jumapili baada ya misa huwa tuko pale juu kwenye mtandao. Piga dakika moja tu.

Ni mimi mkeo,
Winfrida


Kambini
Jumatatu, 17 Juni 2024

Mama Maria,

Miezi minne na nusu sasa tangu niondoke, na mmeshaniombea sala ya wagonjwa. Mngengoja basi hata niugue.

Mwambie mjomba Yakobo shikamoo, halafu mwambie mimi si Ignas. Ignas alikuwa anavuta sigara na kulala nje. Mimi ni mzima. Aliye mgonjwa ni sabufa. Spika ya bei ile ukiifungua mpaka mwisho inakwaruza, hata kama ndani anaimba malaika. Huku kwenye kibanda cha chakula wana spika kama hiyo, siku ya mpira mtangazaji anasikika kama ana mfupa kooni, na hatumwombei.

Kama huniamini mimi, mwamini aliyetuuzia. Nimetia kikaratasi ndani ya bahasha hii kumwomba Mama Usha akuandikie ukweli wa spika. Yeye hana sababu ya kukudanganya.

Kuhusu simu, Jumapili tunafanya kazi mpaka saa kumi siku hizi, na chaji ya Athanas inaisha. Nitapiga nikipata nafasi. Usinisubiri pale juu, kuna baridi.

Mtulize mama. Mwambie nakula.

Ezekiel


Duka la redio, Morogoro mjini
Jumatatu, 24 Juni 2024

Winfrida mwanangu,

Hujambo na mtoto? Nisalimie mama mkwe wako, Mama Agnes, mwambie zile njegere alizoniletea mwaka jana bado nazisifia.

Mumeo ameniandikia. Anataka nikuapie kwamba kinachokwaruza ni sabufa, si kifua chake. Mimi siapi juu ya kitu ambacho sijakisikia. Sabufa naijua, niliiuza kwa mikono yangu. Kifua sikukiuza mimi. Lakini nitakueleza namna ya kujua mwenyewe, ukiwa hukohuko.

Ndani ya spika kuna karatasi ngumu iliyokunjwa kama bakuli, na sumaku inaisukuma mbele na kuivuta nyuma. Ukiiagiza kidogo inakwenda kidogo. Ukiiagiza mara mbili ya pale, inakwenda mara mbili. Mpaka hapo inatii. Lakini karatasi hiyo imefungwa pembeni, ina mwisho wake. Ukishapita hapo, unaiagiza mara mbili nayo inakwenda mara moja na kidogo. Kile ilichoshindwa haikinyamazii. Inakigeuza kuwa milio mingine, ambayo aliyeimba hakuiimba na aliyesema hakuisema.

Marehemu mume wangu Dhirajlal na kaka yake Chirag waligombana juu ya jambo hili mpaka uzee. Chirag alisema spika inayoongeza kitu ni tapeli, isiuzwe. Dhirajlal alisema mtu wa nyumbani haisikii. Siku moja Dhirajlal akatundika pazia hapa dukani, akaweka nyuma yake spika mbili, moja safi ya bei kubwa na moja kama hii yenu, akawaita wateja wachague. Wengi walichagua mbovu! Walisema ina uzito, ina besi, mwimbaji anasikika mwanamume. Ule uzito haukuwa wa mwimbaji, ulikuwa wa karatasi iliyoshindwa. Chirag hakuja kula kwetu wiki nzima.

Kwa hiyo ukiniuliza kama mkwaruzo huo una maana kwa mtu anayesikiliza nyumbani kwake, nitakujibu kama mume wangu. Kwa kwaya na taarabu, hapana. Mtu anapika, mtoto analia, mvua inapiga bati, nani atausikia? Lakini wewe hukuwa unasikiliza kwaya. Ulikuwa unamsikiliza mumeo upate kujua kama ni mzima. Hapo Chirag ndiye mwenye haki. Kila kilichoongezwa ni uongo, hata kikipendeza.

Fanya hivi. Iingize ndani, iweke karibu. Punguza sauti mpaka pale mtu anapoongea na mwenzake mezani. Kisha sikiliza. Kama mkwaruzo ni wa sabufa, utakwisha wote, maana hapo chini karatasi inatii. Kama ni wa kifua, utakuwa mdogo lakini utakuwepo. Mgonjwa ni mgonjwa kwa sauti kubwa na kwa sauti ndogo.

Na mwambie mjomba Yakobo kile kitufe kinazunguka mpaka mwisho kwa ajili ya kuuzia tu. Si lazima kila mtu afike huko.

Mama yako,
Usha


Juu ya Nyandira
Jumapili, 30 Juni 2024

Ezekiel, kama ni wewe,

Nilifanya kama Mama Usha alivyosema. Ijumaa asubuhi tulikuwa mimi na mama tu, na Maria amelala. Niliweka sabufa juu ya kitanda, nikapunguza, mama akaweka sikio karibu na kile kitambaa cha mbele.

Mkwaruzo ulikwisha. Wote. Mama akapiga makofi, akasema, "Nilimwambia Yakobo!" Hakumwambia kitu, lakini nilicheka, na machozi yalinitoka. Nikamwambia turudie.

Mara ya pili mama hakupiga makofi. Alikaa amekunja uso. Nikarudia tena. Akaniuliza, "Winfrida, huyu kijana ni wa nani?"

Na mimi nilikuwa nimeshasikia. Ule uzito uliondoka pamoja na mkwaruzo. Iliyobaki ni sauti nyepesi, safi, ya mtu mwenye afya. Inasema maneno yako. Inasema mlima, inasema bati za paa. Inamtaja Maria kama mtu anavyomtaja mtoto wa jirani. Si yako, Ezekiel. Tangu lini mimi nisiijue sauti yako? Uani nilidhani ugonjwa umeibadili. Ulipotuandikia nikadhani sabufa imeibadili. Sasa ugonjwa hakuna na mkwaruzo hakuna, na wewe pia hakuna.

Nilichukua simu ya mjomba nikapanda mpaka juu kwenye mtandao. Nikapiga namba uliyoniandikia. Ikapokelewa mara moja. "Halo?" Nikasema, ni Winfrida, mke wa Ezekiel. Akasema, "Ah, shemeji! Ezekiel yuko zamu, shemeji. Nitamwambia." Nikamwambia mwite, nitasubiri. Akasema, "Shemeji, mtandao mbaya huku," akakata. Mtandao haukuwa mbaya. Nilisikia jogoo anawika upande wake.

Na ile sauti iliyoniita shemeji ndiyo iliyotoka kwenye sabufa ikimwita mama mkwe wangu mama.

Sijui nilivyoteremka. Mjomba alikuwa mlangoni, akauliza, nikamwambia, maana uso wangu ulikuwa umeshasema. Akasema, "Wamemficha. Kampuni inaogopa, wamempa yule kijana kazi ya kuongea." Mama amevua viatu, amefunga kitambaa kichwani, amekaa chini kwenye mkeka. Sabufa ameifunika kanga, anasema nyumba yenye msiba haipigi kelele. Mjomba amesema Jumapili ijayo, tarehe saba, kama hakuna neno, atatangaza kanisani, na Jumatatu atakuja huko na wanaume wawili kudai mwili.

Utasema, lakini naandika, tazama mwandiko wangu. Mwandiko wako siujui. Tangu tuoane tulikuwa tunapigiana. Nilichowahi kuona umeandika ni jina lako kwenye kitabu cha parokia siku ya ndoa, na mkono wako ulikuwa unatetemeka. Mtu yeyote aliyefika darasa la tano anaweza kuandika hizi barua.

Kwa hiyo nakuuliza. Kitanda chetu mguu mmoja umepungua, na chini yake wewe mwenyewe uliweka kitu. Ni nini?

Na kama ni Athanas unayesoma hapa, sina hasira na wewe, mdogo wangu. Nakuomba kwa jina la mama yako aliyeko Bunduki, niambie tu mlikomweka.

Winfrida


Kambini
Alhamisi, 4 Julai 2024

Winfrida mke wangu,

Ni mimi.

Chini ya mguu wa kitanda ulioko ukutani kuna sahani ya bati ya mama, ile ya maua mekundu, iliyotafutwa Kwaresima nzima mpaka akasingiziwa shangazi. Nilikwambia ni jiwe. Siku unafagia ukaiona, ukacheka, ukairudisha. Hapa usimsomee mama. Kama umeshamsomea, basi mwambie anisamehe, sahani ni nzima.

Barua yako ilinifika jana. Niliisoma nimekaa juu ya ndoo nyuma ya krasha. Nilipofika pale ulipomwomba Athanas akuonyeshe walikonizika, nilijishika mikono nione kama ipo. Athanas alipoisoma alikaa chini na kufunika uso. Alisema, "Kaka, mimi nilisema shemeji tu!"

Nilikimbilia simu yake nikapiga namba ya mjomba. Akapokea. Nikasema, "Mjomba shikamoo, ni Ezekiel." Kabla hajaitikia kikohozi kikanikamata, kikanishika mpaka nikainama. Nilipopata pumzi nikamsikia anasema, "Matapeli ninyi! Hata maiti mnaiigiza!" Akakata. Nikapiga tena, amezima. Ndiyo maana naandika upesi, na Athanas ameomba ruhusa aipeleke mwenyewe kwa kondakta. Mama Usha atamwambia Abdi asilale njiani. Ikufikie kabla ya Jumapili, Mungu akipenda.

Sasa nakwambia yote.

Nakohoa. Nilianza mwezi wa nne, kidogo, asubuhi tu. Nikasema ni baridi. Kikaja kikohozi cha jioni, kikaja cha usiku kucha. Huku mtu akikohoa mbele ya msimamizi anaambiwa akapumzike, na hakuna anayeitwa tena kutoka kwenye mapumziko hayo. Kwa hiyo nilijifunza kukohoa krasha inaponguruma, na kitandani nalala na shati mdomoni. Athanas alijua. Anajua kila kitu, ndiye anayenigeuza.

Mama alipotaka sauti, nilijaribu. Nilisema, "Mama shikamoo," kikohozi. Nikarudia, kikohozi. Nilijaribu mpaka kifua kikawaka. Athanas akaniambia, "Kaka, ukituma hii utamzika mama yako kabla yako." Nikaandika maneno, akayasema yeye. Yeye sauti yake ni nyepesi, mimi yangu nzito, nilijua mtaitambua. Tukajaribu kwenye ile spika ya kibanda cha chakula. Sauti ikiwa chini alikuwa Athanas mtupu. Tukafungua mpaka mwisho, na hata mpishi aligeuka akasema, "Leo Ezekiel anahubiri." Ndipo nikakuandikia mfungue sauti yote. Sikujua mtausikia ule mkwaruzo mkauita ugonjwa. Na nilipowatuma kwa Mama Usha, nilidhani ataitukana sabufa tu na kuishia hapo. Sikujua atakufundisha kupunguza.

Nimewaza sana jambo hili. Uongo wangu ndio uliotoka kama kweli. Pale uani mjomba alisikia kitu ambacho hakikuwamo, na alichosema kilikuwa sahihi.

Simu sikupiga kwa sababu hiyohiyo. Ungesikia pumzi tu ungejua.

Jumapili iliyopita niliona damu kwenye kitambaa. Si nyingi. Nilikikunja kitambaa nikakitia mfukoni kama vile damu ni ya mtu mwingine. Naogopa, Winfrida. Ignas alikwenda na miguu yake kupiga picha ya kifua, akarudi na ile picha kwenye bahasha ya kaki, na baada ya hapo watu walimwangalia kama ameshaondoka. Niliogopa bahasha ile kuliko ugonjwa. Nilisema nikusanye kwanza bati, halafu nikajue. Sasa nimeona kwamba nikikaa hivi mtanizika kwa desturi zote, na mama atamaliza machozi yake nikiwa bado nasukuma mawe.

Jana mchana nilimfuata msimamizi pale alipokuwa anakunywa chai. Kikohozi kilipokuja sikuondoka wala sikuziba mdomo. Nilikohoa mbele yake mpaka kikaisha. Alinitazama, akasogeza kikombe. "Kumbe na wewe," akasema. Nikasema, "Na mimi, bosi." Akaniambia nirudishe kofia na buti. Sikumlaumu. Nilipovua ile kofia nilijisikia mwepesi, halafu nikaogopa tena.

Leo nimekwenda zahanati ya Gairo. Nimetoa makohozi, wamesema majibu nitayakuta Morogoro, na picha ya kifua nitapigwa hukohuko. Muuguzi ni mama mtu mzima, hakunificha. Alisema inaweza kuwa kifua kikuu, na hicho kina dawa, unakunywa miezi kadhaa unapona. Inaweza kuwa vumbi lenyewe, na hilo likishakaa halitoki. Inaweza kuwa vyote viwili. Nikamuuliza, wewe unaonaje? Akasema, "Mwanangu, mimi sioni kwa macho. Kapige picha." Basi sijui. Naandika hapa sijui, na wewe soma hivyohivyo, usimwongezee mama na usimpunguzie. Maria msimlaze karibu na mlango siku nitakayofika, na kitanda changu kiwe upande wa dirisha mpaka waseme ni nini.

Bati hazijatosha. Zipo za chumba cha mama, nimezilipia Morogoro. Chumba chetu kitavuja mwaka mwingine.

Nimetia kadi nyingine. Hii ni mimi. Nimeongea mwenyewe, na nilipokohoa sikufuta, nimeacha kila kitu. Usiipeleke jumuiya. Iweke chini kabisa, pale karatasi inapotii, wewe na mama mkae karibu. Mtasikia pabaya. Lakini mtanijua. Mama akishanijua, mwondoe kwenye mkeka, mfungue kile kitambaa, na mpeleke mjomba Yakobo asikilize kabla hajasimama kanisani. Mwambie simdai radhi kwa kuniita tapeli, alikuwa nusu sahihi.

Jumamosi naondoka hapa. Jumatatu nitakuwa kwa Mama Usha, amesema nitalala stoo kati ya maboksi na nisiguse kitu. Jumanne picha. Jumatano watanipa majibu, yakiwa mazuri au mabaya nitayaleta mwenyewe, sitayatuma kwa mtu. Alhamisi tarehe kumi na moja nitapanda na lori la Abdi mpaka Nyandira, na kutoka hapo nitapandisha kwa miguu, polepole, napumzika kila kona. Jua likiwa limeinamia upande wa Bunduki nitakuwa karibu.

Mkisikia mtu anakohoa kule chini kwenye mabonde ya kabichi, msiogope, wala msitume mtu kuuliza. Ni mimi nakuja.

Mumeo,
Ezekiel